Chura wa sentimita mbili anayebeba watoto mgongoni

Wiki hii yote nimekuwa namsoma chura mmoja tu na bado sijamaliza kumshangaa. Urefu wake ni kama sentimita mbili hivi, anakaa juu ya kidole gumba na nafasi inabaki, lakini malezi anayowapa watoto wake sijui nianzie wapi.

Jina lake la kitaalamu ni Oophaga pumilio, anaishi kwenye misitu ya mvua ya Amerika ya Kati upande wa bahari ya Karibi, kuanzia Nicaragua, kupitia Costa Rica, mpaka Panama. Pengine ushamwona kwenye picha, yule mwekundu wa kung'aa halafu miguu ya bluu kama kavaa jinzi. Ana sumu kwenye ngozi, ndo maana anatembea mchana kweupe bila kujificha, rangi yenyewe inawaambia ndege na wengine waachane naye. Ila watu wanamchanganya sana na yule wa Kolombia, Phyllobates terribilis, ambaye sumu yake kweli ilipakwa kwenye mishale ya kuwindia na inaua mtu. Huyu wetu sio huyo.

Sasa twende kwenye malezi. Jike anataga mayai machache, kama matatu mpaka matano, kwenye majani makavu chini. Dume ndo anayalinda, na yakianza kukauka anakuja kuyamwagia maji kutoka mwilini mwake. Baada ya wiki moja na kitu yanaanguliwa, na hapo mama anaingia kazini. Anachuchumaa, kiluwiluwi kimoja kinapanda mgongoni, kinajishikiza, safari inaanza. Anapanda nacho kwenye mimea ya bromelia, hii ya jamii ya nanasi, ambayo kwenye makwapa ya majani yake mvua inatuama, maji kidogo tu. Anakiweka pale. Anarudi chini kuchukua mwingine, na huyo anampeleka kwapa lingine, manake akiwaweka pamoja watauana. We fikiria mwili ule mdogo unavyopanda na kushuka hivyo.

Na hajamaliza. Kwenye yale maji hakuna chakula cha maana, hivyo kila baada ya siku chache inabidi arudi kwa kila mtoto kumlisha, na chakula chenyewe ni mayai yake mwenyewe, yale ambayo hayajarutubishwa. Kiluwiluwi hakili kingine, asipokuja kinakufa. Hilo jina Oophaga maana yake ni mla mayai, limetokana na hapohapo. Mama akitua kwenye maji, kiluwiluwi kinamsogelea, kinajikaza mwili mzima mpaka kinakuwa kigumu kama kijiti, halafu kinatetemeka mfululizo, yaani kinamwambia nipo hapa na nina njaa. Mama akiona vile ndo anageuka, anazamisha sehemu ya nyuma kwenye maji na kutaga. Hii hali inaendelea wiki sita na zaidi mpaka mtoto aote miguu! Kitu kilichonigusa zaidi ni kwamba hamtambui mwanae kwa sura, anachokumbuka ni mahali alipomwacha, watafiti walipoweka kiluwiluwi cha mwingine palepale alikilisha tu. Msitu wote ule, majani yote yale yanayofanana, na yeye anakumbuka ni kwapa lipi.

Halafu kuna hii ya sumu. Huyu chura hazaliwi na kiwanda cha sumu mwilini, anaipata kwenye chakula, kwenye sisimizi na hasa utitiri wa kwenye udongo na majani yanayooza, anawala na kuhifadhi zile alkaloidi, yaani kemikali zao za sumu, kwenye ngozi. Ukimfuga tangu kuzaliwa ukamlisha wadudu wa kawaida hawi na sumu. Sasa kiluwiluwi kilichofungiwa kwenye maji kitawapata wapi utitiri? Mwaka 2014 ikaonyeshwa kwamba mama anaitia sumu ndani ya yale mayai anayomlishia, wale waliolelewa kwa mayai ya chura wa aina nyingine hawakuwa nayo. Kwa hiyo yai lile ni chakula na ni kinga kwa pamoja, mtoto anaanza kujengewa ulinzi kabla hajakanyaga nchi kavu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wahenga hawakukosea.

Na kule Bocas del Toro, Panama, kwenye vile visiwa, spishi ni hiyohiyo moja lakini wamegawanyika rangi ajabu, wekundu, kijani, bluu, njano, weupe wenye madoa, visiwa vyenyewe vimetengana na bara ndani ya miaka elfu kumi tu hivi baada ya bahari kupanda. Watu walijiuliza rangi hizi zinatenganaje, na mwaka 2019 watafiti wakawapa viluwiluwi mama wa kambo wa rangi tofauti na ya wazazi wao. Majike walipokua wakawafuata zaidi madume wenye rangi ya yule aliyewalea, na madume nao wakawa wakali zaidi kwa wapinzani wenye rangi hiyohiyo, ingawa damu sio moja. Rangi waliyoishika ni ya yule aliyekuwa anakuja kwenye yale maji kidogo, siku baada ya siku, kuwaletea yai.