Furu Mwekundu Chini ya Blanketi

Jumamosi iliyopita nilikuwa juu ya ngazi nikifungua kifuniko cha simtanki, na binti yangu akiwa chini ameishikilia ngazi kwa mikono miwili, aliponiuliza kwa nini matangi yote ya mtaani kwetu ni meusi. Nilimjibu kwa kifupi kwamba weusi huzuia mwanga, na pasipo mwanga mwani haumei majini. Pengine angeridhika na jibu hilo, lakini alikwenda kuifunua ile ndoo nyeupe ya plastiki tuliyoisahau ukutani tangu mvua za mwisho. Harufu iliyotoka humo, ya udongo mbichi iliyochanganyika na majani yaliyolala, ilinifikia hukohuko juu, nami nikajikuta nimerudi Kirumba, Mwanza, sebuleni kwa Mama, katika mgao wa umeme wa mwaka 2011.

Pale sebuleni nilikuwa na tangi la kioo la kufugia samaki. Fundi vioo alilikata kwa sentimita 120 kwa 40 kwa 45, na ukitoa mawe na nafasi ya juu lilibeba kama lita 200. Humo mlikuwa na mchanga wa Ziwa Victoria, valisineria, yaani majani marefu yanayoota chini ya maji, nilizozing'oa mwenyewe kwenye maji ya kina kifupi, na furu sita, samaki wadogo wa ziwa hilohilo, mmoja wao akiwa dume wa aina ile ambayo wanasayansi walioieleza mwaka 1985 waliipa jina la Mwalimu Nyerere. Dume huyo alikuwa na mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na tumbo jeusi, na Mama, ambaye kwake samaki ni kitoweo, alikiri mara moja tu kwamba amependeza.

Matatizo yalianza pale majani machanga ya valisineria yalipogeuka kuwa ya njano. Mjomba, aliyelima pamba na mpunga maisha yake yote, aliyatazama mara moja akasema, “Mjomba, mmea wa njano una njaa. Upe mbolea.” Hakukosea kuhusu njaa, ila hakuna kati yetu aliyejiuliza ni njaa ya nini. Mmea unaokosa nitrojeni huanza kupauka majani yake makuukuu, kwa kuwa huivuta nitrojeni kutoka huko na kuipeleka kwenye majani mapya. Majani machanga yakipauka huku ya zamani yamebaki ya kijani, mara nyingi kilichopungua ni madini ya chuma, ambayo mmea hauwezi kuyahamisha. Hayo niliyajua miaka kadhaa baadaye. Wakati ule nilikwenda duka la pembejeo, nikapimiwa urea katika mfuko mdogo wa plastiki, nikawa natia robo kijiko cha chai kila Jumapili.

Robo kijiko ni kama gramu moja, kiasi ambacho shambani usingekihesabu hata kama kumwagika. Lakini asilimia 46 ya urea ni nitrojeni, na gramu moja katika lita 200 ni takriban miligramu 2.3 za nitrojeni kwa kila lita, ambayo majini hugeuka kwanza kuwa amonia. Maji yenye alkali yanazidisha ukali wa sumu hiyo kwa samaki. Isitoshe, kwa kuwa niliamini kwamba anayelishwa vizuri lazima apate na jua la kutosha, nilitoka kwenye tyubu mbili za wati 36 nikaweka nne, nikaziacha zikiwaka saa kumi na nne kwa siku, juu ya jua la asubuhi lililokuwa likiingia dirishani bila kualikwa.

Ipo kanuni iliyoenezwa katika karne ya 19 na Mjerumani Justus von Liebig, ambayo hufananishwa na pipa lililoundwa kwa mbao zisizolingana urefu: maji hujaa mpaka kimo cha ubao ulio mfupi kuliko yote, na kuzirefusha mbao nyingine hakuongezi hata tone. Ubao wangu mfupi ulikuwa chuma, na pengine hewa ya ukaa pia, kwa maana mwanga unapoongezwa mmea huhitaji hewa hiyo kwa wingi zaidi. Mimi nilikuwa nikirefusha ubao wa nitrojeni na ubao wa mwanga. Valisineria zilisimama zilipokuwa, na kila kilichozishinda kutumia kilitumiwa na mwani. Katika majuma matatu maji yalitoka kwenye uangavu, yakawa kama chai ya majani mabichi, na mwishowe yakawa kama mlenda.

Kisha mgao ukatukaba. Usiku mmoja wa Alhamisi umeme ulikatika saa mbili, na pampu ya hewa ikanyamaza. Nilishtuka usingizini kama saa kumi na moja alfajiri kwa sauti ambayo sikuijua, sauti ndogo ya kufyonza, kama ya mtoto anayenyonya kidole gizani. Niliwasha tochi. Mwanga wake uligonga kioo na kuishia shubiri moja tu ndani. Baada ya hapo palikuwa ukuta wa kijani, wenye chembe zilizoelea taratibu kama vumbi katika mwali wa jua. Niliposimama juu ya kiti na kumulika kutoka juu ndipo nilipoviona vinywa. Vinywa vinne, vya mviringo, vimepangana chini ya ngozi ya maji, vikifunguka na kufunga bila kupumzika. Mwani wenyewe huzalisha oksijeni mchana, lakini usiku hupumua kama sisi, na alfajiri ndiyo saa ambayo akiba imekwisha. Wavuvi wa ziwani wanaifahamu hali hiyo kuliko nilivyoifahamu mimi. Nilichota maji kwa jagi, nikayainua hadi usawa wa macho, nikayamwaga kutoka juu ili yachukue hewa yakianguka. Nikachota tena. Mama alitoka chumbani amejifunga khanga mbili, akanipokea tochi bila kuuliza kitu, akammulika mtoto wake mtu mzima akimwagia maji tangi lililokwisha kujaa maji. Mara moja tu, katikati ya kumwaga, dume yule alipita karibu kabisa na kioo na wekundu wake ukawaka mbele ya tochi kwa kiasi cha kupepesa jicho, kisha ukazimwa na ule ukijani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu ziwa letu hilihili ulieleza kwamba majike wa furu huwatambua madume wa aina yao kwa rangi, na maji yanapochafuka wanashindwa kuchagua, hata aina zikaanza kuchanganyikana. Ningekuwa nimeusoma siku ile, sidhani kama ungenifariji. Mkono uliniuma hadi kukapambazuka.

“Mwanangu,” Mama alisema hatimaye, “washenga wa dada yako wanakuja Jumapili. Hiki kitu hawatakiona.”

Asubuhi hiyo nilitoa samaki wawili waliokufa, nikabadilisha nusu ya maji kwa maji ya bomba niliyokuwa nimeyalaza kwenye pipa siku nzima ili klorini ipungue. Nilipomaliza, Mama alileta blanketi zito la kijivu, akalifunika tangi lote hadi chini, akaweka juu yake kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki. Alihakikisha tu kwamba nyuma, upande wa ukutani, pamebaki upenyo wa hewa. Kuanzia Ijumaa hiyo hadi Jumatatu mchana hakuna mwanga ulioingia humo, wala chakula, wala robo kijiko changu. Umeme ulipokuwepo pampu ilifanya kazi. Ulipokatika niliingiza jagi kwa nyuma kama mwizi. Washenga walikuja, wakala, wakakubaliana mambo yao, na mmoja wao aliegemeza kiwiko kwenye kile alichodhani ni meza, akasifu maua.

Jumatatu tulifunua. Maji yalikuwa angavu kiasi kwamba nilisoma, kupitia tangi zima, tarehe kwenye kalenda iliyotundikwa nyuma yake. Samaki mwingine mmoja alikuwa amekufa. Dume alikuwapo pembeni mwa jiwe, hai, lakini amepauka kabisa, wa kijivu kama jike. Mama aliinama, akamtazama kwa muda mrefu.

“Huyu ndiye uliyekuwa unamlilia?”

Wekundu ulianza kumrudia siku ya tano. Nilirudi kwenye tyubu mbili, saa saba kwa siku, nikaziba nusu ya dirisha kwa kadibodi, na ile urea nikamrudishia Mjomba, naye akaipokea kwa namna ya mtu aliyetukaniwa kabila.

Nilipokuwa nikiisimulia habari hii zamani, nilipenda kusema kwamba giza ndilo lililotuponya. Siku hizi nasitasita. Giza la siku tatu au nne hushinda maji ya kijani, hilo wafugaji wengi wamelishuhudia. Lakini katika siku hizohizo nilikuwa nimetoa nusu ya maji pamoja na amonia yake, nimeacha kulisha, na nimeacha mbolea. Tena yupo Mmarekani Tom Barr, mkuzaji wa mimea ya matangini, ambaye njia yake ni kuzidisha virutubisho kwa makusudi, kisha kubadilisha nusu ya maji kila juma, na matangi yanayoendeshwa hivyo yamestawi bila mwani, mradi mimea ina hewa ya ukaa ya kutosha na mwanga haukupita kiasi. Kwa hiyo hata lile neno “mbolea nyingi” si jina sahihi la kosa langu. Lilikuwa ni mbolea isiyotakiwa, mbele ya mwanga usiotakiwa, mikononi mwa kijana aliyekuwa na haraka. Na ni lipi kati ya hayo lililotangulia kuharibu, sikuwahi kulitenganisha.

Nilimweleza binti yangu karibu haya yote nilipokuwa nikishuka ngazi, nikaruka waliokufa. Alisikiliza kwa makini, akaimwaga ile ndoo. Jana nimekuta chupa mbili za maji kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, moja ameizungushia karatasi nyeusi na kuifunga kwa utepe wa nywele zake, nyingine wazi. Jioni alikuja kuniomba mbolea, kidogo tu, robo kijiko.

Nimemwambia nitafikiria.