Mama mkwe na mumiani
Jamani leo napanga kabati nikakuta kadi ya kijana wangu ya kwenye utafiti wa chanjo ya malaria, nimecheka peke yangu kama chizi. 2009 hiyo, hapahapa Bagamoyo, wale wa Taasisi ya Afya Ifakara wanatafuta watoto wa kuijaribu hiyo chanjo, RTS,S, mama mkwe akaapa hao mumiani hao, watamnyonya damu mjukuu wangu! Na mi kila akitolewa damu roho inanidunda, ila nilishalala nae wodini na malaria, degedege mpaka macho yanageuka, nikasema liwalo na liwe.

Sindano tatu, kila mwezi moja, baadae tena ya nyongeza, usiku homa kidogo basi nahema mi kuliko yeye 😂

Na hata manesi walikuwa hawajui nani kapata nini, wengine chanjo ya malaria, wengine rika lake walichomwa ya kichaa cha mbwa! Yaani wangu labda alikingwa na mbwa tu.

Watoto zaidi ya elfu 15, nchi 7 za Afrika, 2021 WHO wakasema haya itumike. Nikampigia mama mkwe kwa mbwembwe, akaniuliza tu, "na ile damu walipeleka wapi?"