Siku Nilipotakiwa Kuipinga Klabu Yangu

Mwaka mmoja kabla ya mtihani wa kumaliza sekondari, klabu yetu ya midahalo iliandaa mdahalo wa hadhara uliokuwa na hoja hii: shughuli za nje ya masomo zisitishwe kwa wanafunzi wa mwaka wa mtihani. Pande ziligawanywa kwa kurusha sarafu, nami nikaangukia upande wa kutetea hoja. Mimi niliyekuwa nikishinda klabuni kila jioni nilitakiwa kuwashawishi wanafunzi, walimu na wazazi kwamba klabu hiyohiyo ifungwe.

Tulifuata kanuni za Mashindano ya Dunia ya Midahalo ya Shule, yaliyoanza Australia mwaka 1988: kila upande una wasemaji watatu, kila msemaji ana dakika 8, na baada ya dakika ya kwanza hadi kabla ya dakika ya mwisho mpinzani anaruhusiwa kusimama na kuomba kuuliza. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa maana hotuba mtu anaweza kuikariri, lakini swali la mpinzani halikaririki.

Nilianza na hoja rahisi ya muda, kwamba saa inayotumika mazoezini haitumiki vitabuni. Mlezi wa klabu aliikata kwa kalamu, akasema kuwa wapinzani wangeimaliza kwa swali moja: je, mwanafunzi asiye na klabu huitumia saa hiyo kusoma? Nikalazimika kuchimba zaidi, na huko ndiko nilikokutana na jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Sote tulizoea kusema kwamba wanafunzi wa michezo, kwaya na klabu hufanya vizuri darasani, na kwa hiyo shughuli hizo huongeza ufaulu. Huenda ikawa kinyume: anayefanya vizuri, mwenye utulivu nyumbani na mzazi wa kumnunulia vifaa, ndiye anayepata nafasi ya kujiunga. Mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Somo hilo, ambalo watafiti wa elimu bado wanahangaika nalo, sikulipata katika kipindi cha hisabati. Nililipata nikitafuta namna ya kuishinda klabu yangu mwenyewe.

Siku ilipofika, niliijenga hotuba yangu juu ya hoja hiyo. Nilieleza ni akina nani wasioonekana klabuni: wanaowahi kulea wadogo zao, wanaokaa mbali, wanaofanya kazi jioni. Nikiwa katikati, msemaji wa pili wa upande wa kupinga akasimama, nami nikamruhusu. Akauliza, "Ikiwa ubaya ni kwamba wengine hawapati, kwa nini dawa iwe kuwanyima wote badala ya kuwafungulia mlango wale waliokosa?" Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Nilijibu kwamba mwanafunzi wa mwaka wa mtihani hawezi kungojea mpaka utaratibu urekebishwe, jibu ambalo hata leo naliona lina uzito wake, lakini majaji waliwapa wapinzani ushindi, na nadhani waliamua kwa haki.

Mlezi hakuliacha jambo liishie ukumbini. Alimpelekea mkuu wa shule hotuba yangu pamoja na lile swali, na baada ya muda vipindi vya klabu vikahamishwa kutoka jioni hadi mchana. Wakaja wanachama tusiowazoea. Miongoni mwao alikuwemo kijana mkimya ambaye kila siku aliondoka mara tu masomo yalipokwisha ili akawapokee wadogo zake. Alianza kama mtunza muda, kisha akawa msemaji wa tatu, nafasi ambayo mimi naiona ngumu kuliko zote kwa sababu kazi yake kubwa ni kujibu yaliyokwisha kusemwa, na hayo hayaandikwi mapema. Aliimudu kunishinda. Tulipopangwa pande tofauti, alisimama katikati ya hotuba yangu akiomba kuuliza, nami nikamkatalia, kwa kuwa nilijua swali lake lingekuwa zuri.