Anajipiga mwenyewe

Saa nane usiku hii na sijalala, na sababu ni sentensi moja ya mtoto wa miaka ishirini na mbili.

Nilisema kwenye andiko langu la wiki iliyopita kuwa mbuzi kaniuma, wengine mkaja mbio kuniuliza mbuzi wa nani, jamani, mbuzi ya kukunia nazi! Nilikuwa nakuna nazi ya mchuzi wa pweza huku nagombana na mwanangu Kidoti juu ya simu, mkono ukateleza, kidole cha shahada cha kulia kikaenda na meno ya mbuzi. Nyuzi tatu. Daktari ananishona mie nacheka peke yangu, akaniuliza bibie vipi, nikamwambia hamna kitu, ila nimekumbuka tu kwamba kwenye ganuni, kile chombo cha nyuzi ninachopiga kwenye taarabu, kila sauti moja ina nyuzi tatu zinazopigwa kwa pamoja, kwa hiyo kidole changu leo kimekuwa sauti kamili. Hakucheka. Akaniandikia dawa.

Tatizo ni kwamba kidole chenyewe ndo kile cha pete. Risha, kile kijiti cha kukwanyulia nyuzi, inachomekwa kati ya pete na kidole cha shahada, huku kimoja na huku kimoja, basi, hapo ndo mpigaji alipo. Nilijaribu kuhamishia pete kidole cha kati. Ni kama kula wali kwa mkono wa mwenzio. Na harusi ya Kikwajuni tulishachukua malipo ya mwanzo, na kikundi hakina ganuni nyingine, ile ya zamani ngozi imepasuka tokea mwaka jana na kila mtu anasema itatengenezwa. Basi mwanafunzi wangu, Dogo wa Jang'ombe, akapiga yeye. Kwa Bibie wangu, ndo jina la ganuni yangu.

Tokea Ami anipe Bibie mwaka 2004 hajawahi kukaa kwenye mapaja ya mtu mwingine, nasema mapaja kwa sababu ndipo anapokaa, na mnaojua mnajua, baada ya saa mbili miguu inakufa ganzi ukisimama unatembea kama bata. Baba Kidoti humwita mume mwenza. Huyu Baba Kidoti ndo aliyewahi kunitumia kile kisa cha mpiga gitaa B.B. King, kwamba mwaka 1949 kule Arkansas, Marekani, alikuwa anapiga ukumbini wanaume wawili wakapigana wakaangusha pipa la mafuta ya taa lililowashwa kwa ajili ya joto, ukumbi ukashika moto, watu wote nje, yeye akarudi ndani kufuata gitaa lake. Baadaye akasikia waliokuwa wakipigana walikuwa wanamgombania mwanamke anaitwa Lucille, ndo gitaa likapewa jina hilo na mengine yote yaliyofuata. Chini ya kisa Baba Kidoti kaandika, nyumba ikiungua unaanza na nani, mimi au Bibie? Mwenzenu nikachelewa kujibu. Nilikuwa natafuta miwani, wallahi, lakini alama mbili za buluu zilishamfikia, na mpaka leo ananikumbusha.

Haya, Jumamosi. Harusi imekwisha, saa saba usiku, niko nyuma ya gari natia waya kwenye kikapu kwa mkono mmoja. Dogo akaja kamkumbatia Bibie, kamfunga kanga yake vizuri, kamlaza kwenye siti kama mtoto aliyelala. Akageuka, anacheka, jasho linamtoka, akanambia:

"Mwalimu, wallahi huyu Bibie anajipiga mwenyewe. Mie nimeweka vidole tu."

Na mie mtu mzima, mwalimu wake, nikamjibu nini? Nikamjibu: "Ufunguo uko wapi?"

Akaniangalia. "Ufunguo nimekupa Mwalimu, umeutia kwenye pochi."

Kweli, ule ufunguo wa kukazia nyuzi, ulikuwa kwenye pochi.

Ndo hivyo tu. Hayo maneno yamekaa kichwani siku sita. Baba Kidoti kapata uhamisho wa Pemba, dada kajifungua mapacha (wote wazima alhamdulillah), ofisini tumeambiwa tunahama jengo kabla ya mwezi kwisha, na mie nikiwa naosha vyombo nasikia "anajipiga mwenyewe", nikiwa kwenye daladala nasikia "mie nimeweka vidole tu".

Anajipiga mwenyewe! Nani kamfundisha kujipiga? Nyuzi sabini na nane yule. Sabini na nane, na huu ni msimu wa masika. Mnaokaa bara juu huko hamjui masika ya Unguja yanavyofanya ganuni. Daraja lake linakaa juu ya ngozi ya samaki, sasa hewa ikilowa na ngozi inalowa, inalegea, daraja linazama kidogo, kidogo tu kama unene wa ukucha, na nyuzi zote zinashuka, tena hazishuki kwa usawa zikakurahisishia, kila moja inashuka kwa roho yake. Unakaa na ufunguo robo tatu ya saa unazipandisha tatu tatu, ukifika za juu zile za chini zishaharibika. Unamaliza, umependeza, mtu anafungua dirisha la upande wa bahari. Basi tena, anza upya. Mie Bibie kwangu analala chumbani, kafungwa kanga mbili, taa ndogo inawaka usiku kucha pembeni yake ili apate joto, na umeme nalipa mie. Risha nakata mwenyewe kwa wembe, nishaharibu ndoo ngapi kutafuta plastiki isiyo ngumu sana. Mkono wa kushoto una kovu la vile vibati vya kupandishia na kushushia sauti, kwa sababu maqam, ule mpangilio wa sauti, ikibadilika katikati ya wimbo inabidi uviinue huku mkono mwingine haujasimama. Halafu mtu anakuja usiku mmoja anasema anajipiga mwenyewe.

Lakini sisemi ukweli wote. Kilichoniuma si maneno peke yake.

Kilichoniuma ni kwamba usiku ule kwa mara ya kwanza nilikaa mbele. Nilikaa na wanawake, kwenye mkeka, kidole kimefungwa bandeji nyeupe kama bibi harusi wa pili, na nikamsikia Bibie kutoka mbele. Miaka yote hii sijawahi kumsikia kutoka mbele. Mpigaji anamsikia kwa juu, na kwa mapaja, sauti za chini zinakuingia kwenye mifupa kabla hazijafika masikioni, unadhani ndivyo alivyo. Kumbe sivyo. Kumbe kwa waliokaa mbele yeye ni mwepesi, ana kitu juu kule kama maji yanamiminwa kwenye birika la shaba. Dogo alipopewa nafasi ya taksim, yaani kupiga peke yake kwa kubuni, akaingia maqam ya Bayati, taratibu, akapiga sauti moja akaiacha, akaiacha mpaka nikadhani kasahau, halafu akarudi nayo chini. Mie siwezi kuacha hivyo. Mie nikiona pengo najaza. Mama mmoja pembeni yangu akasema "aah" akainuka kwenda kutuza, akanikanyaga mguu.

Nilipiga makofi. Nilipiga kwa mkono mmoja juu ya paja maana kidole kinauma. Moyoni nilikuwa nasema, Bibie, mbona mie hujanipa hiyo?

Jumatatu nilipofungua kanga nikasikia harufu ya halud. Ya Dogo. Anajipaka mpaka nyuma ya masikio yule mtoto, ukipanda naye gari moja unashuka na wewe unanukia. Mwenzenu nikainamisha uso nikanusa vizuri, huku kwenye ubao, huku kwenye kona tunapoegemeza mkono, kama mke anavyonusa kanzu ya mumewe. Kidoti kasimama mlangoni, "Mama unafanya nini?" Nikamwambia naangalia mchwa.

Ami angecheka. Yeye ndo alinisimulia habari ya Muhammad al-Qasabgi, yule mpiga udi wa Umm Kulthum, mwimbaji mkubwa wa Misri, kwamba alikaa nyuma ya Bibi yule miaka na miaka, yeye mwenyewe ni mtunzi mkubwa lakini mwisho wake akawa anakaa tu na udi lake nyuma, na alipofariki mwaka 1966 kiti chake kikaachwa kitupu jukwaani, hakuna aliyekikalia. Ami akifika hapo alikuwa anatoa miwani anafuta. Na mie niliposikia nilikuwa msichana, nikasema moyoni ndo heshima hiyo, nami nikifa waache nafasi yangu, na Bibie asiguswe. Wiki hii nimeikumbuka nikaona mbona kama uchoyo, khaa, mie ni nani, nimekatwa na mbuzi tu hata sijafa.

Halafu Ami huyo huyo ndo aliyekuwa akisema ganuni haijawahi kuwa ya mtu mjini kwetu. Wazee wanavyosimulia, Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alimpeleka Misri Mohamed Ibrahim akajifunze, akarudi na elimu ile ikasambaa. Kikundi cha taarabu cha Ikhwan Safaa walipoanza 1905 nao vyombo waliagiza Cairo. Kwa hiyo kila ganuni hapa, alikuwa anasema, imekuja kwa mtu na itaondoka kwa mtu. Mie nilikuwa naitikia tu ndio Ami, huku nataka amalize anipe.

Sasa jana nimekwenda kwa Mama. Mnajua hali yake ya macho, mtoto wa jicho huu wa kushoto umeshakomaa na wa kulia unafuata, anakuona kivuli. Harusini alikuja, walimweka kiti barazani kwa sababu ndani joto. Nimekaa namchambulia mchele, akasema bila kuniangalia:

"Juzi nimekusikia."

"Umesikia nini Mama?"

"Umepiga. Nimemwambia Bi Mkubwa jirani, huyo mwanangu huyo, sauti yake naijua. Umepiga kama zile siku za mwanzo, ulipokuwa bado unaogopa."

Kidole kina bandeji, nakificha chini ya ungo, kama anaona vile. Nilitaka kumwambia Mama si mie, ni kijana mmoja wa Jang'ombe. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Umefurahi?" Akasema, "Nimefurahi sana." Nikaendelea kuchambua mchele ule mpaka ukawa hauna hata chenga.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nacheka. Siku sita nimenuna kwamba kachukua changu, na kumbe mama aliyenizaa kasikia akasema ni mie. Na hapo hapo, nikifika Darajani, kicheko kikakatika. Sasa alisikia nini? Alimsikia Bibie akadhani mie, au mie ndo nilikuwa nasikika vile zamani nikaacha, tokea lini nimeacha kuogopa, na kwa nini hakuna aliyenambia?

Basi usiku huu nimemfungua. Siwezi kuvaa pete, nikasema nitamweka sawa tu, angalau nyuzi ziwe mahali pake, ufunguo kwa mkono wa kushoto. Kuna sauti moja mnaijua kama mmekaa nami mazoezini, ile ya tatu kutoka juu, inayoteleza, kigingi chake kimekula tundu, kila nyimbo mbili lazima niiguse, nishaizoea kama kikohozi cha mtu wa nyumbani. Nikaipiga nikijua imeshuka. Haijashuka. Nikaipiga tena. Iko palepale, tokea Jumamosi, na mvua zote hizi. Nikachukua tochi ya simu. Kwenye tundu la kigingi kuna kikaratasi cha pipi, cha fedha, kimekunjwa kikakunjwa mpaka kimekuwa kama mbegu ya komamanga, kimeshindiliwa kwa ustadi hata hakionekani usipokitafuta.

Sasa hiyo haifanywi jukwaani. Ina maana alikuja mapema akakaa naye, akamsikiliza, akaona anapoumwa akamtibu, kisha akapiga usiku mzima, kisha akaja kwangu na jasho lake akanambia yeye kaweka vidole tu.

Na mie nikamuuliza ufunguo.

Nimempigia simu Baba Kidoti, keshalala, akasema mwambie asante kijana mwenyewe unanisumbua mie kwa nini. Mazoezi ni Jumapili. Sijui nitaanzaje, nikisema nimeona kikaratasi atajua nimemkagua Bibie kwa tochi kama polisi wa forodha, nikinyamaza itakuwa mara ya pili. Nimefikiria nimwambie hebu nifundishe ile ya kuacha, ile ya Bayati. Hivyo tu. Mwalimu anamwomba mwanafunzi, si vibaya, au? Kidole kitatolewa nyuzi Jumanne. Kile kikaratasi sikitoi.

Nimemfunga kanga zake. Harufu imepungua.

Halafu jamani, kuna mtu humu yuko kwenye upatu wetu wa Mwembetanga? Zamu yangu ni mwisho wa wiki ijayo, ndo pesa za jicho la Mama hizo, na kijumbe tokea Jumatano simu inaita haipokelewi. Leo haiiti kabisa.