Kuanza na make kwenye C: haisomi faili zako, inatazama saa

Chukua programu ndogo ya C ya kumsaidia mnunuzi wa viazi pale Uyole, Mbeya. Inapokea uzito wa kila gunia, inasema kama ni lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi), kisha inapiga hesabu ya malipo. Ina faili tatu, `main.c`, `mizani.c` na `bei.c`, pamoja na heda mbili, `mizani.h` na `bei.h`. Kuikompaili kwa mkono ni mstari mmoja tu:

```
gcc -Wall -Wextra -g main.c mizani.c bei.c -o viazi
```

Kwa faili tatu mstari huo unatosha, na anayekuambia huwezi kuishi bila make (programu inayokuendeshea amri za kukompaili) kwenye programu ya ukubwa huu anakuza mambo. Shida inaanza faili zikifika thelathini: unabadili herufi moja, gcc inazikompaili zote upya. Make, ambayo Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976, inakompaili zile tu zinazohitaji. Inajuaje? Inalinganisha muda ambao kila faili ilibadilishwa mara ya mwisho. `mizani.c` ikiwa mpya kuliko `mizani.o` (faili inayotoka `mizani.c` ikishakompailiwa), inakompailiwa. Ikiwa ya zamani, inarukwa. Make haifungui faili kuona umegusa nini, inatazama saa basi. Shika hilo, maana kero nyingi za make zinatokea hapo.

Kwenye Ubuntu, Debian au Mint, kuiweka ni `sudo apt install build-essential`. Kifurushi hicho kinakuja na g++ pia, ambayo C haiihitaji. Kama bando linakaribia kukata, `sudo apt install gcc make libc6-dev` inatosha. Mwenye Windows aweke WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), kisha atumie amri hizo hizo.

Kabla ya kuandika chochote, tengeneza `jaribio.c` kwenye folda tupu na uandike `make jaribio`. Make itaendesha `cc jaribio.c -o jaribio` bila kuelekezwa, kwa sababu inazo kanuni zake za ndani za kutoka `.c` hadi programu. Ndiyo maana Makefile (faili ya maelekezo ya make) ya C inaweza kuwa fupi kuliko unavyodhani. Hii ya viazi:

```
CC = gcc
CFLAGS = -Wall -Wextra -g

viazi: main.o mizani.o bei.o
	$(CC) -o $@ $^

main.o: main.c mizani.h bei.h
mizani.o: mizani.c mizani.h
bei.o: bei.c bei.h mizani.h

.PHONY: safisha
safisha:
	rm -f viazi *.o *.d
```

Kabla ya nukta mbili ni lengo, baada yake ni tegemezi, na mstari wa chini ulioingia ndani ni amri. `$@` ni jina la lengo, `$^` ni tegemezi zote. Mistari ya `.o` haina amri kwa makusudi, kanuni ya ndani inaijaza kwa `CC` na `CFLAGS` zako. `.PHONY` inaiambia make kwamba `safisha` si faili. Bila hiyo, siku ikatokea faili yenye jina hilo kwenye folda, amri yako haitafanya kazi tena. Ukiandika `make` peke yake, linatengenezwa lengo la kwanza, kwa hiyo `viazi` ikae juu.

Faili iitwe `Makefile`, bila kiambishi chochote. Notepad hupenda kuongeza `.txt` kimyakimya, na make haitaiona.

Sasa tabu. Mstari wa amri lazima uanze na herufi ya tabu halisi, si nafasi nane, si nafasi nne. Ukinakili Makefile aliyokutumia mwenzako WhatsApp, mara nyingi tabu zinakuwa zimegeuka nafasi, na jibu ni hili:

```
Makefile:5: *** missing separator.  Stop.
```

Namba 5 ni mstari wenye kosa. Kwa macho hutaona tofauti, kwa hiyo endesha `cat -A Makefile`: tabu inaonekana kama `^I`, nafasi zinabaki wazi. Kwenye VS Code, bonyeza maandishi ya "Spaces" chini kulia, kisha uchague kugeuza kuwa tabu.

Ukitumia `sqrt` au `pow`, ongeza `-lm` mwishoni kabisa, baada ya `$^`. Ikikaa mbele, Ubuntu itakulalamikia `undefined reference` ingawa maktaba ipo.

Kosa baya zaidi halitoi ujumbe wowote. Tuseme `mizani.h` ina `#define KIKOMO 100`, kilo ambazo gunia likizipita linaitwa lumbesa, na `mizani.c` na `bei.c` zote zinaitumia. Kwenye Makefile ukasahau kuandika `mizani.h` mbele ya `bei.o`. Unashusha kikomo hadi 90, unaendesha make, inakompaili `main.o` na `mizani.o`, inaunganisha, hakuna onyo. Gunia la kilo 95 linaambiwa ni lumbesa upande mmoja na linalipwa kama gunia la kawaida upande wa pili, kwa kuwa ndani ya `bei.o` bado mna 100. Unaweza kusoma `bei.c` usiku kucha usione kosa, kwa sababu halimo humo.

Dawa ni kuacha kuziorodhesha heda kwa mkono. Futa mistari mitatu ya `.o`, weka hii juu, chini ya `CFLAGS`:

```
CPPFLAGS = -MMD -MP
```

na hii mwisho wa faili:

```
-include main.d mizani.d bei.d
```

gcc yenyewe itaandika heda zako zote kwenye faili za `.d` kila inapokompaili. Kistari kabla ya `include` kinazuia make kukwama mara ya kwanza, faili hizo zikiwa bado hazijazaliwa. Kisha fanya `make safisha` na `make`, ili `.d` zitengenezwe.

Turudi kwenye saa. Deskitopu nyingi za mtumba zina betri ya ubao mkuu (motherboard) iliyokufa. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma miaka. Unahariri `mizani.c`, inapigwa muhuri wa mwaka wa zamani, na `mizani.o` ya jana inaonekana mpya kuliko yenyewe. Make haikompaili kitu, ila inaweza kuonya:

```
make: warning:  Clock skew detected.  Your build may be incomplete.
```

Onyo hilo watu wengi hulipuuza, na ndilo la kusoma. Kwenye mashine yenye Windows na Linux pamoja, unaweza kuona pia kwamba faili iko sekunde kama 10800 mbele. Hizo ni saa tatu kamili: Windows huweka saa ya ubao kwa muda wa hapa, Linux huisoma kama UTC (saa ya rejea ya dunia), na Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC. Bila intaneti hakuna wa kuirekebisha, na ikisharekebishwa, faili ulizohariri kabla ya hapo ndizo zinazoonekana ziko mbele. `sudo timedatectl set-local-rtc 1` inazipatanisha.

Kurekebisha saa peke yake hakutoshi, maana faili ulizohariri zinabaki na muhuri wa uongo. Sahihisha saa kwanza, kisha:

```
touch *.c *.h
make -B
```

`-B` inakompaili zote bila kujali muda. Ukitaka kuona make ingefanya nini bila kuifanya, tumia `make -n`. Betri yenyewe mara nyingi ni CR2032, ile ya duara bapa. Zima mashine, chomoa waya, itoe ya zamani, weka mpya upande wa jumlisha ukiwa juu, kisha uingie BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows au Linux haijawaka) uweke tarehe kabla ya kugusa faili yoyote.