Kumbukumbu ya mradi: kundi la waandishi wa programu, Arusha na Moshi

Wiki ya 1. Kundi limehama WhatsApp, limeenda Telegram. Idadi ya watu haikuwa tatizo, ingawa WhatsApp inaishia wanachama 1,024 kwa kundi. Tatizo ni swali la Django (zana ya kujengea tovuti kwa lugha ya programu ya Python) kuulizwa saa mbili usiku, kisha yapite matangazo ya kazi na salamu za Ijumaa. Jibu likifika saa nne, hakuna anayejua linajibu nini. Telegram inaruhusu kundi moja kugawanywa kwa mada, kila mada na mazungumzo yake.

Mpangilio: fungua mipangilio ya kundi, washa mada, kisha wanyime wanachama ruhusa ya kuunda mada mpya. Mada zikiwashwa, historia ya kundi huonekana kwa wageni yenyewe, na hilo lina faida. Mgeni asipoona ya nyuma atauliza kilekile kilichojibiwa jana. Kila mwanachama aelekezwe pia kuficha namba yake ya simu kwenye mipangilio ya faragha.

Wiki ya 2. Mada tisa zilikuwa nyingi mno. Mada iliyokaa kimya siku tano inaonekana imekufa, basi mtu anapeleka swali lake kwenye mada ya jumla, na vurugu inarudi. Zimebaki nne: Python, programu za simu, kazi na matangazo, na mikutano ya Arusha na Moshi. Mada ya jumla haifutiki, lakini inaweza kufichwa, tumeificha.

Wiki ya 3. Ujumbe uliobandikwa juu ya kila mada ya maswali unadai vitu vinne: unataka nini, umejaribu nini, toleo gani, na hitilafu yenyewe neno kwa neno. Iwe maandishi, si picha ya skrini wala sauti, kwa sababu utafutaji wa kundi unasoma maandishi tu. Msimbo uwekwe kati ya alama tatu za ``` kila upande, la sivyo nafasi za mwanzo wa mistari zinaweza kupotea, na Python bila nafasi hizo haiendi.

Faida ilionekana kwenye ModuleNotFoundError, hitilafu ya Python kutoipata maktaba iliyoitwa. Aliyeweka "import requests" huku akisema ameshaisakinisha alionyesha toleo, ikabainika kompyuta ina Python mbili na pip, zana ya kusakinisha maktaba, ilikuwa ya ile nyingine. Dawa: `python -m pip install requests`, ili pip iwe ya Python ileile inayoendesha programu. Anayeuliza leo anapewa kiungo cha jibu hilo.

Wiki ya 4. Funguo za API (namba za siri zinazoruhusu programu kutumia huduma ya mtandaoni) zinabandikwa hovyo pamoja na msimbo. Msimamizi anafuta ujumbe mara moja, lakini kufuta hakutoshi kabisa: waliokwisha kuuona wanao. Mwenye ufunguo aubatilishe kwa aliyeutoa na atengeneze mpya siku hiyohiyo.

Wasimamizi ni watatu, wawili Arusha na mmoja Moshi, ili umeme ukikatika upande mmoja, mwingine aendelee. Wiki ya 5: roboti (programu inayotuma ujumbe yenyewe) ya kumkaribisha mgeni kwa kiungo cha ujumbe uliobandikwa.