Tumbo likikataa, ulimi ukikataa

Mtoto anasukuma sahani. Mmoja nyumbani anasema ana aleji, mwingine anasema anadeka tu. Aghalabu wote wawili wana haki kidogo, maana mambo haya huzaana. Mtoto aliyesokotwa na tumbo mara tatu baada ya maziwa hujifunza kuyakataa kabla hajayaonja, na aliyeondolewa vyakula vitano kwa mpigo "tuone itakuwaje" huishia mchaguzi kwa kuwa amezoea vichache. Kabla ya kuondoa chochote, angalia saa.

Mzio (ndiyo aleji) wa haraka hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: mabaka yanayowasha, midomo au kope kuvimba, kutapika, kukohoa. Hapo kinga ya mwili inapigana na protini ya chakula, na hata kiasi kidogo sana kinaweza kuiamsha. Kutostahimili laktosi ni habari nyingine kabisa. Kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa hakitoshi, sukari inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, tumbo linajaa gesi na mtoto anaharisha. Vipele havimo. Nusu kikombe pamoja na chakula inaweza kupita salama, kikombe kizima tumbo likiwa tupu kikaleta balaa. Kwa watoto wadogo hali hii mara nyingi hufuata kuhara kulikojeruhi ukuta wa utumbo, na huisha baada ya wiki chache, kwa hiyo usimfungie maziwa maisha yake yote.

Kinachowachanganya wengi ni mzio wa polepole. Dalili zinachukua saa kadhaa, hata siku mbili: choo chenye makamasi au damu, ukurutu usiotulia. Upo pia wa kutapika mfululizo saa 1 hadi 4 baada ya kula, mtoto akipauka na kulegea. Watu husema amekula kitu kilichoharibika. Ikitokea mara ya pili kwa chakula kilekile, dhana hiyo iachwe, na mtoto anayelegea namna hiyo apelekwe hospitali bila kusubiri.

Kumbukumbu ya kichwani hudanganya, hivyo andika daftarini. Andiko zuri ni kama hili: "Jumanne, saa 1:10 asubuhi: yai 1 la kukaanga, mkate kipande 1, maziwa nusu kikombe. Saa 1:35 mabaka shingoni, anajikuna. Saa 3 yameisha. Hana homa." Ukirudi nyuma ukakuta mkate na maziwa vimeliwa siku sita bila neno, yai ndilo la kuchunguzwa. Yale maneno "hana homa" usiyaache, kwa sababu mabaka mengi ya watoto huletwa na virusi na chakula kikabebeshwa lawama. Wekundu unaoishia pembeni mwa mdomo baada ya nyanya au chungwa nao kwa kawaida ni ngozi kuchomwa na ukali wa tunda.

Ukishapata mshukiwa, ondoa chakula kimoja kwa wiki 2 hadi 4, kisha kirudishe. Kukirudisha ndiko watu hukuruka. Mtoto amepata nafuu, nani atake kumchokoza? Lakini bila hatua hiyo hujui kama nafuu imeletwa na chakula kuondoka au imekuja kwa wakati wake. Mtoto aliyewahi kuvimba, kupata mabaka ya ghafla au kutapika mfululizo, chakula hicho kirudishwe mbele ya daktari, si jikoni. Na usiondoe ngano kabla ya kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni, protini ya ngano, huufanya mwili uushambulie utumbo wake: kipimo hicho hutafuta kingamwili zinazotengenezwa wakati gluteni bado inaliwa, ukiiondoa mapema jibu linaweza kutoka safi kumbe ugonjwa upo. Vipimo vya kingamwili za aina ya IgG vinavyouzwa kama vya kugundua vyakula visivyokufaa, viache. Kingamwili hizo zinaonyesha tu kwamba mtoto amekula chakula hicho. Maziwa ya mbuzi nayo si mbadala kwa mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, protini zake zinafanana mno.

Kuondoa chakula ovyo kuna gharama. Utafiti wa LEAP uliochapishwa 2015 ulifuatilia watoto wachanga wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Waliolishwa karanga mapema, 3.2% walikuwa na mzio wa karanga walipofika miaka 5. Kwa waliozuiwa ilikuwa 17.2%. (Karanga nzima zinakaba, kwa mtoto mdogo ni za kusaga na kulainishwa.)

Akianza kupumua kwa shida, sauti ikakwama au akalegea baada ya kula, ni sindano ya adrenalini kwenye paja, upande wa nje, mara moja. Mlaze, asisimame, kama pumzi inambana, mkalishe. Dawa ya mzio ya kumeza hutuliza muwasho tu, haifungui koo.

Sasa ulimi. Tumbo likishapona, kukataa kunaweza kubaki kwa miezi. Baada ya mwaka wa kwanza ukuaji hupungua kasi na hamu ya kula hupungua nao, kisha kati ya miaka 2 na 6 kuogopa chakula kigeni ni kawaida. Kabla ya kulaumu ulimi, pima maziwa: mtoto wa zaidi ya mwaka anayekunywa kupita mililita 500 kwa siku huketi mezani ameshiba, na anaweza kuishiwa chuma, jambo linalozidi kuua hamu. Kagua pia choo kigumu. Tumbo lililofunga halitaki kuongezewa kitu.

Acha saa 2 hadi 3 kati ya mlo na mlo, katikati maji tu. Mlo usizidi dakika 30. Wewe unaamua nini na lini, yeye anaamua kiasi gani. Chakula kipya kiwekwe kipande cha ukubwa wa kucha, kando ya kitu anachokipenda, bila neno. Leo atakitazama, keshokutwa atakishika, siku nyingine atakilamba na kukitema. Kutema ni hatua mbele, usikemee. Huenda ikafika mara 10 hadi 15 kabla hajameza, na wengi wetu hukata tamaa mara ya nne. "Maliza mboga upate keki" humfundisha kwamba mboga ni adhabu na keki ni mshahara. Kuficha mboga ndani ya chakula anachokiamini ni hatari zaidi: akigundua, anakikataa na hicho.

Anayepungua uzito, anayekabwa au kukohoa kila anapokula, au ambaye orodha ya vyakula vyake inazidi kufupika bila kipya kuingia, apelekwe kwa daktari wa watoto. Nenda na lile daftari.